Benki Kuu Imefungia Programu, Daftari la Zamani Bado Liko Wazi

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu tumizi 69 zilizokuwa zikikopesha watu kupitia simu bila leseni. Hapa Mwanza taarifa hiyo ilipokelewa kwa shangwe, na tangu wakati huo nimekuwa nikisikia tafsiri mbili, kuanzia vijiwe vya kahawa vya Mlango Mmoja hadi kwenye daladala za Buhongwa. Ya kwanza inasema kausha damu, yaani mikopo ya mtaani ya riba ya kunyonya, imekwisha, Serikali imewashika pabaya wakopeshaji wake. Ya pili inakwenda mbali zaidi: aliyekopa kwa mtu asiye na leseni hadaiwi tena, avunje laini atulie. Zote mbili tamu masikioni, na zote mbili zinamwacha mkopaji wa zamani palepale alipokuwa, akipokea simu saa 12 asubuhi kutoka kwa mtu asiyemjua, anayemtaka alete fedha ambazo hana.

Hoja yangu ni kwamba vita ya leseni na riba, pamoja na umuhimu wake wote, inahusu mkopo utakaotolewa kesho. Deni lililolala miaka miwili au mitatu, lenye penalti juu ya penalti, lina ugonjwa mwingine, nao ni kiwango cha rejesho. Mkusanya madeni anataja kiasi na tarehe kana kwamba ni hakimu, mdaiwa anaitikia kwa hofu, na baada ya wiki mbili ahadi imevunjika, kila mmoja amerudi alipoanzia, isipokuwa mdaiwa amerudi na penalti mpya. Deni lenyewe linaweza kuwa la haki kabisa. Lakini anayedai hapangi peke yake lilipwe kwa kasi gani, na mdaiwa anayeitikia kiwango asichokiweza hamzidi uaminifu yule anayekikataa na kutaja anachokiweza. Nadhani yule wa pili ndiye mwaminifu zaidi, ingawa mtaani ndiye anayeitwa mkaidi.

Tuanze na kilichopo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne: la kwanza ni benki na taasisi zinazopokea amana, la pili ni wakopeshaji wasiopokea amana, wakiwamo watu binafsi, la tatu ni SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo, na la nne ni vikundi vya kijamii, ndiko ziliko VICOBA. Kelele za kausha damu karibu zote ni za daraja la pili, pamoja na wale wasio na daraja lolote. Daraja hilo limewekewa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, na mwaka 2024 Benki Kuu ikatoa mwongozo kwa wanaokopesha kidijitali, ukigusa uwazi wa tozo, njia za kukusanya madeni na faragha ya mteja. Kwa hiyo anayesema hakuna kanuni hajasoma. Tatizo ni kwamba orodha ile ya 69 ilihusu simu. Mkopo wa mchuuzi wa dagaa wa Kirumba mara nyingi ulitoka kwenye chumba kimoja chenye meza, viti vya plastiki na bango dirishani, au kwa mtu anayefahamika mtaani kwa jina la utani tu, na mkataba wake ni fomu ya kurasa mbili iliyosainiwa kwa kusimama, foleni ikisubiri nyuma.

Nimepata kulishika daftari la mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni. Mwaka 2022 alichukua Sh600,000. Riba ilikuwa asilimia 20 kwa mwezi kwa miezi mitatu, yaani Sh360,000, jumla Sh960,000, zilipwe kwa marejesho 12 ya Sh80,000 kila Jumatatu. Mistari sita ya kwanza imetiwa tiki kwa kalamu nyekundu, na kila mmoja una saini ya afisa mikopo. Kuanzia mstari wa saba tiki zinapotea: Sh30,000, Sh20,000, nafasi tupu, Sh50,000, nafasi tupu mbili, Sh15,000, halafu malipo mengine kwa mwandiko wa mtu mwingine. Ukijumlisha vyote unapata Sh910,000. Ujumbe alioletewa kwenye simu na mtu aliyekabidhiwa kulikusanya deni hilo ulisema anadaiwa Sh740,000, azimalize kwa wiki nne, kila wiki Sh185,000, "la sivyo tunakuja na gari".

Pigeni hesabu pamoja nami. Kwa kipimo cha asilimia 3.5, riba ya mkopo ule ni Sh21,000 kwa mwezi, na kwa miezi mitatu Sh63,000, hivyo angelipa Sh663,000 yakaisha. Hata ukiwa mgumu, ukamtoza mwaka mzima juu ya mtaji wote kana kwamba hajawahi kurejesha hata senti, unapata Sh852,000. Yeye ameshalipa Sh910,000. Sisemi kwamba mkataba wa zamani unajigeuza wenyewe kwa kipimo cha leo. Hilo ni la kubishaniwa na wanasheria. Nasema tu kwamba zile Sh740,000 hazina tena undugu na fedha aliyopewa mkononi. Kilichobaki kwenye hesabu ya awali ni Sh50,000. Sh690,000 nyingine ni penalti ya Sh5,000 kwa siku, iliyohesabiwa siku 138 kisha ikaachwa. Kwa nini 138 na si 40 wala 300, hakuna aliyeweza kumwambia. Na Sheria ya Mikataba haisemi kwamba penalti ikiandikwa kwenye fomu basi inalipwa yote. Inampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya kiasi kinachofaa, na kiasi kilichotajwa ni dari ya fidia hiyo.

Lakini alishindwaje wiki ya saba, wakati sita zilipita vizuri? Watu wa mjini, hasa wanaopanga sera wakiwa na mshahara wa kila mwezi, hapa ndipo wanaponiudhi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukipevuka mwanga wake unashinda taa, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi inapumzishwa. Ukienda Mwaloni siku za mbalamwezi utaona tofauti kwa macho: wabeba mizigo wamekaa, mizani imefunikwa, wanawake wanashona magunia au wanasukana nywele. Kila mwezi, kwa wiki moja au zaidi, mzigo mpya hakuna, au upo kwa bei ya juu isiyoacha faida. Rejesho la Jumatatu linakuja vilevile. Halafu ije masika: dagaa walioanikwa juu ya mchanga au kwenye chanja hawakauki, wanabadilika rangi na kunuka, na mzigo ulionunuliwa kwa bei ya chakula cha watu unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mchuuzi hajawa mzembe wala hajala mtaji. Kipato chake kinapanda na kushuka kwa kalenda ambayo kila mtoto wa Ukerewe anaijua, ila mkopo wake umepangwa kana kwamba ana duka la vocha.

Ratiba ile haikutokana na ujinga, tuwe wakweli. Rejesho la wiki linamsaidia mkopeshaji kugundua mapema nani anayumba, na linamsaidia mkopaji asikae na fedha ndefu mkononi. Kwa muuza chapati wa Igoma au mwenye genge linafanya kazi. Kasoro ni kulifanya la watu wote, kisha wiki ya mbalamwezi ikihesabiwa ni ukaidi unaostahili penalti. Deni la mama yule lilianza kuoza hapo, kwa wiki moja ambayo mvuvi yeyote angeitabiri, miaka kadhaa kabla ya mtu wa gari kuingia kwenye hadithi.

Sasa huyo mtu wa gari. Anayepiga simu juu ya deni la zamani kwa kawaida si aliyekukopesha. Deni likishachakaa, mkopeshaji hulikabidhi kwa kampuni ya kukusanya madeni, au kwa kijana mwenye pikipiki na sauti nzito, na malipo ya huyo ni kamisheni, asilimia ya anachokileta. Mtu wa kamisheni hana sababu ya kupenda rejesho la Sh20,000 kwa miezi mingi. Anataka kikubwa, wiki hii, na kama kitatoka kwenye ada ya mtoto au kwenye mkopo wa mahali pengine, hilo halimo kwenye hesabu zake. Ndiyo maana kiasi cha kwanza anachokitaja kichukuliwe kama bei ya kwanza ya muuza mitumba wa Makoroboi: imetajwa ili ushtuke, na mwenyewe hategemei uilipe. Anayelijua hilo hatetemeki, anauliza maswali. Asiyelijua anakimbilia mkopo wa pili kulipa wa kwanza, na nadhani hapo ndipo kausha damu inapostahili jina lake, kuliko hata kwenye riba ya mkopo wa mwanzo.

Wakopeshaji wana hoja zao, na baadhi zina uzito ambao waandishi wa habari za "mama anyang'anywa godoro" hawaupi nafasi. Wakopeshaji wengi wadogo wa hapa Mwanza wanakopesha fedha yao wenyewe, pensheni au mauzo ya kiwanja. Mkopaji akihamia kisiwani Kome au Ukara na kubadili laini, kumfuata ni nauli ya kivuko na siku nzima. Kwenda mahakamani kwa deni la Sh300,000 kunagharimu muda unaoweza kuzidi thamani ya deni. Dhamana aliyoweka ni televisheni iliyokwisha kupasuka kioo. Katika VICOBA hali ni kali zaidi, kwa sababu fedha iliyokwama ni akiba ya wanachama wenzake, akina mama walewale wanaohitaji kuvunja kikundi Desemba wagawane. Ukimwambia mkopeshaji wa namna hiyo awe mpole, ana haki ya kukuuliza upole huo unalipwa na nani. Na ni kweli pia kwamba mkopeshaji akiona madeni hayakusanyiki, anayefuata ndiye atakayeumia: atapandishiwa tozo za pembeni au atanyimwa kabisa, arudi kwa yule wa jina la utani.

Nayakubali hayo. Ila yanathibitisha kwamba deni lazima likusanywe. Hayathibitishi kwamba likusanywe kwa kiwango kisichowezekana. Mwenye kipato kinachobaki Sh40,000 kwa wiki akibanwa atoe Sh185,000, mkopeshaji hapati Sh185,000. Anapata wiki moja ya fedha iliyokopwa kwingine, kisha simu iliyozimwa. Kinachowafanya watu wakimbilie visiwani, kwa sehemu kubwa, ni rejesho ambalo lingewamaliza hata kama wangebaki. Anayelalamika kwamba wateja wake wanatoroka aangalie kwanza ujumbe anaowatumia.

Hoja dhaifu kuliko zote upande ule ni ile inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi: alisaini mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono, dawa ya deni kulipa. Sawa, dawa ya deni kulipa, lakini methali haisemi ulipe kwa wiki ngapi. Saini yake ilikuwa juu ya marejesho 12 ya Sh80,000, hakusaini Sh185,000 kwa wiki. Kiwango hicho kipya hakimo kwenye karatasi yoyote aliyoiona. Kimetungwa na mtu ambaye hakuwapo siku ya mkopo. Kama saini ndiyo takatifu, basi mkusanya madeni naye afungwe nayo, aoneshe fomu, aoneshe hesabu, aoneshe barua inayomruhusu kukusanya. Sijaona hata mmoja kati ya wanaohubiri utakatifu wa saini aliyeanza kwa kutoa nakala ya mkataba.

Upande wa wadaiwa nao una hoja yake mbovu, na kwa kuwa huu ndio upande ninaouonea huruma, sitaipamba. Ni ile ya "hawana leseni, usilipe". Kukopesha bila leseni ni kosa la mkopeshaji na Benki Kuu ina mamlaka ya kumshughulikia. Lakini Sheria ya Mikataba hiyohiyo inasema makubaliano yakigundulika kuwa batili, aliyepokea manufaa yake anatakiwa kuyarudisha. Kwa lugha ya sokoni: riba na penalti zinaweza kufa, mtaji uliokula utadaiwa. Anayemshauri mwenzake avunje laini anamshauri abaki na deni huku akipoteza nafasi ya kulijadili, na pengine jina lake limeshaingia kwenye taasisi za taarifa za wakopaji, ambako benki itampitia siku atakapotaka mkopo wa maana.

Kinachompa mkusanya madeni nguvu ni hofu na aibu kuliko sheria. Anatishia polisi, wakati deni ni shauri la madai. Linakuwa la jinai pale tu penye kitu kingine ndani yake, mfano udanganyifu wakati wa kukopa. Anatishia jela. Kifungo cha madai kipo kwenye sheria zetu, lakini kinakuja baada ya hukumu, kwa maombi mahakamani, mdai akigharamia matunzo ya mfungwa, na mahakama inaweza kukikataa ikiridhika kwamba mdaiwa ameshindwa kwa umaskini. Anatishia kubeba vyombo vya ndani. Sheria ya Mwenendo wa Madai inaikataza hata mahakama, inapokazia hukumu yake, kukamata nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za fundi, na nyumba anamoishi mdaiwa na familia yake. Mkopeshaji atajibu kwamba godoro liliandikwa kwenye fomu kama dhamana. Na awe na haki juu ya hilo godoro. Haki juu ya godoro haimpi haki ya kuvunja mlango. Nyumba au kiwanja kilichowekwa rehani ni suala jingine, hicho kinauzika, lakini kwa utaratibu: notisi ya siku 60 chini ya Sheria ya Ardhi, tangazo la mnada la siku zisizopungua 14, na ridhaa ya mwenza iliyotakiwa tangu siku ya kuweka rehani.

Na aibu? Simu kwa shemeji, kwa mchungaji, kwa mwajiri, picha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa yenye neno TAPELI kwa herufi nyekundu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na Tume yake ipo kupokea malalamiko. Shida ni kwamba mwenye aibu halalamiki. Anayejua hayo kuliko wote ni mkusanya madeni.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo mdaiwa wa muda mrefu anapaswa kulijua kabla hajafungua mkoba, ingawa najua litawakasirisha wakopeshaji. Sheria ya Ukomo wa Muda inatoa miaka sita kufungua shauri la madai yanayotokana na mkataba wa kawaida. Kwa deni lenye rehani ya ardhi ni miaka 12. Shauri likifunguliwa nje ya muda mahakama inalitupa, hata kama mdaiwa hakulisema. Lakini saa hiyo huanza upya siku mdaiwa anapolikiri deni kwa maandishi na saini, au anapolipa sehemu yake yoyote. Ndiyo maana kwa deni la zamani sana utasikia sauti imebadilika, imekuwa laini: "Mama, tuma hata elfu kumi tu ya kuonesha nia." Elfu kumi hiyo inaweza kuifufua miaka sita mingine. Sikushauri umkimbie mtu unayejua hasa kwamba alikusaidia ulipokuwa na shida. Kwangu mimi deni la kweli halifi kwa sababu ya kalenda. Nasema lipa ukijua unachokifanya, na ukiwa umeshapatana kwa maandishi deni ni kiasi gani na litaisha lini.

Majadiliano yenyewe basi yaendeje? Kwanza hesabu, kwa maandishi: mtaji uliotolewa, riba, penalti, na kila senti iliyopokelewa na tarehe yake. Asiyeweza kutoa karatasi hiyo hana anachokidai zaidi ya kelele, na kuiomba si kukiri wala kukataa. Pili, mdaiwa aandike kipato chake kama kilivyo, wiki za giza na wiki za mbalamwezi, atoe chakula, kodi na ada, na kinachobaki ndicho kinachojadiliwa. Yule mama wa Mwaloni, kwa hesabu yake mwenyewe, angeweza Sh25,000 kwa wiki tatu za mwezi na sifuri wiki ya nne. Kwa mkopeshaji hiyo ni Sh75,000 kwa mwezi, kwa mwaka Sh900,000, inazidi hata deni analolidai kwa penalti zake zote. Lakini kwa mtu wa kamisheni haivutii, kwa hiyo barua iende kwa mkopeshaji mwenyewe, nakala ikibaki nyumbani, na malipo yapite kwenye namba ya simu au akaunti inayoacha kumbukumbu, kamwe si mkononi mwa kijana wa pikipiki. Mahakama yenyewe, ikitoa hukumu, ina mamlaka ya kuamuru deni lilipwe kwa awamu. Mkusanya madeni anayekataa awamu anadai kikubwa kuliko ambacho hakimu angempa, na ni vizuri akaambiwa hivyo, kwa adabu. Pale inaposhindikana, malalamiko yaanze kwa mkopeshaji kwa maandishi, kisha Benki Kuu, ambayo ina tawi hapahapa Mwanza, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hawatozi ada.

Najua udhaifu wa ushauri huu. Unamhitaji mtu anayejua kuandika, mwenye nakala ya mkataba, na mwenye moyo wa kukaa mbele ya mtu anayemfokea. Katika mikopo ya kikundi ni mgumu zaidi, maana anayekubana si mgeni. Ni wanachama wenzako wanne waliokudhamini, wamefungiwa kwenye kikao, afisa mikopo amesema hakuna kuondoka hadi rejesho litimie, watoto wanasubiri kurudi kwa mama zao. Hapo huna wa kumpa barua. Mkopeshaji amehamishia kazi ya ukusanyaji kwa majirani bila kuwalipa hata hiyo kamisheni, na udugu unaovunjika kwenye kikao kama hicho hakuna daftari linalouandika.

Kwa sababu hiyo nadhani mzigo usiachwe wote kwa mdaiwa. Benki Kuu ikishasajili mkopeshaji, imsajili na anayemkusanyia, kwa jina na kwa namba ya simu, ili tishio liwe na mwenyewe. Mkopeshaji asiruhusiwe kukabidhi deni kwa mtu wa tatu kabla hajampa mdaiwa hesabu kamili. Na penalti iwe na dari inayofahamika, kama riba ilivyo na dari, kwa kuwa ukomo wa asilimia 3.5 hauna maana kubwa iwapo Sh5,000 kwa siku inaweza kupita mlango wa nyuma. Anayebisha kwamba hayo yataua biashara ya mikopo midogo atueleze biashara inayotegemea siku 138 za penalti ilikuwa ikimkopesha nani, na kwa matumaini gani ya kulipwa.

Kipimo cha karibu kitakuwa ndani ya ofisi za umma zenyewe. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ile ya asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, isiyo na riba, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimetaja mara kwa mara mabilioni ya mikopo hiyo ambayo hayajarejeshwa na vikundi kote nchini. Nyamagana na Ilemela, wilaya zetu za hapa Mwanza, zitadai kama wengine, na vikundi vingi vya zamani vimeshasambaratika: mwenyekiti kahamia Geita, mweka hazina kafariki, waliobaki ni wanachama wawili wenye genge. Maofisa maendeleo ya jamii watakapowafuata wawili hao, tutaona watawapa hesabu na kuwauliza wanaweza kiasi gani, au watawapa tarehe na jina la mgambo.